Katazo Lisilo na Mdomo

Mwezi Februari 2021, abiria mmoja wa treni za chini ya ardhi za New York aliuliza kwenye mtandao wa Twitter mabenchi ya stesheni ya Mtaa wa 23 yamekwenda wapi. Akaunti ya shirika la usafiri ikamjibu bila kuzunguka: yameondolewa ili watu wasio na makazi wasiyalalie. Ghadhabu ikazuka, jibu likafutwa, na shirika likasema kwamba liliwekwa kimakosa. Kisa hiki kinastahili kutazamwa na yeyote anayejiuliza haki ni nini, kwa kuwa kinaonyesha tendo lililovumilika muda wote lilipokuwa kimya, likashindwa kusimama siku lilipotajiwa sababu. Mwaka 1795, katika kitabu chake kuhusu amani ya kudumu, Immanuel Kant alitoa kipimo kwa ajili ya matendo ya aina hii: kinachogusa haki za watu wengine, na ambacho kanuni yake haiwezi kutangazwa bila kuzua upinzani wa wote, ni dhuluma. Alikuwa akiwaza wafalme na mikataba yao, lakini kipimo chake kinaingia stesheni ya treni bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Mtu anaweza kusema kwamba kuondoa benchi si kumkataza mtu lolote. Hapo ndipo hoja yote ilipo. Ni katazo kamili, ila limenyimwa mdomo. Sheria, hata iwe mbaya kiasi gani, ina maneno. Ina askari anayeitekeleza na anayeweza kuona haya, ina hakimu wa kuipima, na ina anayeonewa ambaye anaweza kusimama akauliza kosa lake ni lipi. Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliruhusu mji wa Grants Pass katika jimbo la Oregon kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma. Naiona hukumu hiyo kuwa ya kikatili. Hata hivyo iliandikwa, sababu zake zilitolewa, majaji watatu waliikataa kwa maandishi, na mtu yeyote anaweza kuzisoma pande zote mbili. Benchi lililong'olewa halina kesi wala rufaa. Vivyo hivyo benchi lenye vyuma vya kugawa viti, au benchi la zege lenye migongo ya mteremko lililobuniwa kwa ajili ya mtaa wa Camden, London, na kuanza kutumika mwaka 2012. Ukumbi wa treni wa Moynihan, New York, uligharimu dola bilioni 1.6 na kufunguliwa Januari 1, 2021. Chini ya paa lake la kioo, ukumbi mkuu haukuwekewa viti vya umma, na aliyetaka kukaa kungojea treni alielekezwa kwenye eneo la wenye tiketi. Hakukuhitajika mtu wa kuwafukuza watu pale. Jengo lenyewe lilifanya kazi hiyo, na waliolijenga hawakulazimika kumtazama mtu usoni.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi tukimfuata Jeremy Waldron, mwanafalsafa wa sheria, katika makala yake ya mwaka 1991 kuhusu ukosefu wa makazi na uhuru. Anaanza na ukweli usiopingika: kila kinachofanywa na binadamu hufanyika mahali fulani. Mwenye nyumba anapokatazwa kulala stesheni amepoteza pahali pamoja kati ya pengi. Asiye na chumba popote, ambaye kila mlango wa binafsi umefungwa kwake kwa sheria ya mali, amebakiwa na maeneo ya umma tu. Ukimkataza kulala huko, umemkataza kulala. Na usingizi hauachwi kwa kuamua, kama mtu anavyoweza kuacha kuvuta sigara. Katika hesabu rasmi ya usiku mmoja wa Januari 2024, Marekani ilikuwa na watu 771,480 wasio na makazi. Kwa wale kati yao wasio na hata kitanda cha dharura, benchi la stesheni ni sehemu ya nchi waliyoachiwa, na kipande hicho nacho kinakatwa.

Dini zinazofuatwa zaidi kwetu hazikuliacha suala hili. Injili ya Mathayo inamwonyesha Yesu akisema juu yake mwenyewe kwamba hana pa kulaza kichwa. Mchongaji Timothy Schmalz wa Kanada aliichukua kauli hiyo kwa uzito wake wote: sanamu yake ya shaba, iliyosimikwa Toronto mwaka 2013, ni mtu aliyejifunika blanketi juu ya benchi la umma, na majeraha ya miguuni ndiyo yanayomtambulisha ni nani. Qur'ani nayo, katika Sura At-Tawba, inamtaja msafiri aliyekwama njiani miongoni mwa makundi manane yenye haki katika zaka. Haki, si hisani. Na pale Madina mafukara wasio na nyumba, Ahlu Suffa, walikaa na kulala chini ya kivuli ndani ya msikiti wenyewe wa Mtume. Lakini kinachonigusa zaidi ni hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume aliwaonya masahaba wasikae njiani. Wakamwambia hawana budi, hayo ndiyo mabaraza yao ya kuzungumzia. Hakuwaondolea pa kukaa. Aliwaambia basi waipe njia haki yake: wainamishe macho, wasiudhi mtu, waitikie salamu, waamrishe mema na kukataza maovu. Tatizo la matumizi ya mahali pa watu wote lilijibiwa kwa maneno, mbele ya wahusika, baada ya kuwasikiliza, na kanuni iliyotoka iligusa mwenendo wao, ikawaacha walipo.

Hadithi hiyo ndiyo inayonisaidia kumjibu abiria mwenye malalamiko, kwa kuwa malalamiko yake ni ya kweli. Mama anayerudi zamu ya usiku ana haki ya kutotukanwa, na ya kukuta stesheni safi isiyonuka mkojo. Anayetukana au kushambulia azuiwe, awe ana nyumba au hana. Ila kulala si kutukana, na aliyeng'oa benchi amemhukumu mwenye usingizi kwa kosa la mwenye fujo. Tena fujo haikuondoka na benchi. Walioumia ni mzee wa magoti mabovu, mjamzito, na mgonjwa wa moyo, ambao sasa wanasimama wakisubiri treni kwa sababu ya hofu isiyowahusu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba New York imejifunga kisheria kutoa malazi, kufuatia kesi ya Callahan iliyofunguliwa mwaka 1979 na maafikiano yake ya mwaka 1981; kwa nini basi mtu alale stesheni? Kwa sababu kitanda katika bweni lenye watu wengi, ambamo mtu anaogopa kuibiwa au kupigwa, hakimfai kila mmoja, na anayechagua ubao wa stesheni badala yake anatupa habari kuhusu bweni hilo. Ufini iliisikia habari ya namna hiyo. Tangu mwaka 2008 iligeuza mabweni kuwa vyumba vyenye mikataba ya upangaji, ikampa mtu ufunguo kwanza na matibabu baadaye, na idadi ya wasio na makazi ikashuka sana. Watasema shirika la treni si wizara ya nyumba, na ni kweli. Lakini linajua, kuliko ofisi nyingine yoyote, ni stesheni zipi zinalaliwa na kwa saa zipi. Linaweza kuyarudisha mabenchi, kuhesabu wanaoyalalia, na kila mwezi kuipelekea serikali ya jiji hesabu hiyo hadharani, likidai vyumba kwa ajili ya watu hao.