Nenda Ukabishe Hodi kwa Mwenye Lile Gari

Unalijua. Liko nyuma ya nyumba ya jirani, au pembeni ya gereji chini ya mwembe. Matairi yalishatolewa, limekalishwa juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mlangoni zimebaki herufi mbili tatu za jina la mradi uliofunga ofisi zamani. Umelipita mara mia, na mara zote mia shingo imegeuka. Basi wikiendi hii usilipite. Kabishe hodi.

Nasema na wewe unayelala na picha za Land Cruiser kwenye simu. Unataka kufika Engaresero wakati wa mvua, unataka kuvuka makorongo ya njia ya Ziwa Natron bila kuomba lifti ya gari la watalii. Kila mwaka unasema ukipata hela. Haya, gari jipya la aina unayoitaka linauzwa bei ya nyumba pamoja na kiwanja chake. Utasubiri. Siku utakayomaliza kusubiri, magoti yatakuwa hayataki tena kulala chini ya gari.

Mimi langu nililitoa kwa mzee mmoja nje kidogo ya Arusha. Land Rover 109, Series III, injini ya petroli ya lita 2.25. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu mita 2.77, kwa hiyo ni lile refu. Nilienda na vitu vitatu tu: nyundo ndogo, tochi, na hendeli niliyoazima kwa fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata lile?"

"Nimekuja kuliangalia tu, mzee."

"Wote huja kuliangalia tu." Akacheka. "Lilikuwa linabeba kahawa. Limelala hapo tangu mama yao yuko hai."

Betri hakuna, nyaya za umeme panya wamekula, petroli iliyokuwa kwenye tangi imegeuka gundi. Mtu mwingine angesema hapa hakuna cha kupima. Lakini magari haya yana tundu kwenye bampa ya mbele, na tundu lile ndilo daktari. Unaweka gia huru, unapitisha hendeli mpaka ishike pua ya krenki, unazungusha kwa mkono. Nilipotaka kuanza mzee akanishika kifundo. "Dole gumba usilizungushe kwenye chuma. Liweke upande mmoja na wenzake. Chuma kikikurudia kitakuvunja." Nikaliweka alivyosema.

Nikavuta. Ikagoma, halafu ikaachia taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi. Injini ya silinda nne ikiwa nzima hugoma kila nusu mzunguko: inakaza, inaachia, inakaza, inaachia. Nikahesabu kwa mkono. Ya kwanza ilikaza. Ya pili ikakaza. Ya tatu ikapita laini kama maji. Ya nne ikakaza. Nikarudia mara tano, ile ya tatu ikabaki vilevile. Kwa hiyo injini haijashikana, ila silinda moja haina nguvu, huenda vali imeungua au ringi zimelala. Bila fundi, bila umeme, bila kutoa hata senti, nilikuwa nimeshajua ninachonunua na nilikuwa na hoja ya kuombea bei ipungue. Jioni tukakubaliana milioni tatu na nusu, pamoja na kuku mmoja aliyekataa kutoka ndani.

Hendeli ikigoma kabisa, usikate tamaa haraka. Toa plagi, mimina oili laini iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, acha wiki, rudi ujaribu tena. Nyingi huachia. Isipoachia, nunua kwa bei ya chuma chakavu au uage kwa heshima.

Sasa nyundo. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa sababu wanaangalia bodi. Land Rover ilipozaliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, wakaamua bodi iwe ya alumini. Alumini haipati kutu ile nyekundu. Gari linaweza kukaa uani miaka ishirini, ukaliosha kwa sabuni likang'aa, huku chini limeoza kama mti uliochimbwa na mchwa. Chesesi ni ya chuma, imechomelewa kama sanduku refu lenye uwazi ndani, na tope likiingia mle halitoki. Kutu huanzia ndani. Kwa hiyo lala chini, gonga sentimita kwa sentimita. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hujibu "pu", na wakati mwingine nyundo inazama. Gonga zaidi ile boriti ya nyuma inayoshika ndoano ya kuvutia, na mikono midogo inayotoka pembeni kubeba bodi. Gonga pia chini ya miguu ya dereva, palipo ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria.

Ukiweza kuchagua, chagua gari lililozeekea Dodoma au Singida. Lililozeekea Tanga au Bagamoyo limekula chumvi ya bahari, na chumvi haina msamaha. Injini mbovu ni ya kufungua tu, gia boksi mbovu ni ya kubadilisha. Chesesi iliyokwisha ni gari lililokwisha, hata kama redio inaimba.

Ukiwa chini hapohapo, tafuta namba ya chesesi. Kwenye hizi Land Rover imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na mshikio wa springi. Sugua kutu kwa brashi ya waya, isome namba kwa namba huku mwenzako ameshika kadi. Zikitofautiana hata tarakimu moja, inuka ujifute vumbi. Usikubali hadithi ya kadi iko kwa shemeji Mwanza. Nimeona watu wamejenga gari zuri kwa miaka miwili kisha likabaki pambo la uani kwa sababu aliyeuza hakuwa mwenye mali.

Kuhusu hela nina kanuni yangu, na haijawahi kuniangusha: bei ya kununulia isizidi theluthi ya ulichonacho. Una milioni tisa? Tafuta la milioni tatu. Ukinunua la milioni nane kwa sababu "limebaki kidogo tu", hicho kidogo kitakumaliza. Na likitokea la pili la aina ileile, bovu kuliko la kwanza, linauzwa kwa bei ya kutupa, lichukue. Jirani atacheka. Mwenzako nyumbani hatacheka, naye ana haki yake, kaa naye uzungumze kabla ya kreni kufika. Lakini lile la pili litakupa milango, vioo, stelingi, rejeta, propela shafti, na zile boliti ndogo za inchi ambazo siku hizi unaweza kuzunguka maduka ya vipuri ya Gerezani kutwa nzima usizipate, au Nairobi ukaimaliza Kirinyaga Road yote na spana mfukoni.

Nikuambie nilipojiumiza mwenyewe, ili wewe uumie mahali pengine. Difu yangu ya nyuma ilikuwa inalia. Nikapata nyingine ya mtumba, safi, bei ya kirafiki, imetoka kwenye Range Rover ya zamani. Inaingia palepale, boliti zilezile. Nikafunga. Barabara ya lami gari likawa na mbio kuliko lilivyozaliwa, nikajiona fundi. Kumbe difu za Series zina uwiano wa 4.7 na ile ya Range Rover ni 3.54. Mbele sikubadilisha. Ukiendesha kwa magurudumu ya nyuma peke yake hutajua kitu. Siku nilipoingia kwenye mchanga nikabonyeza kirungu cha njano, ambacho ndicho kinachounganisha magurudumu ya mbele, gari likaanza kujivuta lenyewe huku na huku kama fahali wawili waliofungwa nira wakiwa wamegeukiana mkia. Ukasikika mlio mmoja, ta! Shafti ya ekseli ya nyuma ikakatika. Tulilala palepale. Tangu siku hiyo, kabla ya kununua difu, nazungusha kwa mkono na kuhesabu mizunguko, muuzaji anione kichaa akitaka.

Usidhani mambo haya ni ya wahitaji peke yao. Kuna Rhino Charge ya Kenya, inayofanyika tangu 1989. Mashindano yale hayamtafuti mwenye mbio. Mshindi ni aliyefika kwenye vituo vyote 13 kwa kutembea umbali mfupi kuliko wenzake, maana yake anakata moja kwa moja mlimani na korongoni palipokataa njia. Utaona humo mashine zilizoanza maisha kama Land Rover na Range Rover chakavu, zikakatwa, zikachomelewa upya kwenye magereji ya watu. Fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 kuzunguka milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009. Chuma chakavu kimelinda msitu. Na mwaka 2024 Arusha ilipofanya tamasha lake la Land Rover, mji mzima ulitoka barabarani kutazama magari ambayo mengine yana umri wa babu, yakipita kwa miguu yake yenyewe.

Yale yote kuna siku yalikuwa na mtu aliyelala chini yake Jumamosi, akipambana na nati moja.

Yangu ilikuwa pini, nayo nakuambia habari yake. Pini ya springi ya mbele kushoto ilinichukua Jumamosi tatu. Ya kwanza niliipaka oili na kuigonga, nikavunja spana. Ya pili nikaipasha moto, nikagonga, ikanitazama. Wiki nzima nikawa naimwagia oili kila nikitoka kazini, na suti yangu ya kazi, kama mtu anayemwagilia mchicha. Jumamosi ya tatu nikaigonga mara moja bila matumaini na ikateleza ikaanguka kwenye mchanga. Nikakaa chini nikaiangalia. Ndani ilikuwa bado ina grisi, nyeusi, laini, iliyowekwa na mtu ambaye labda hayupo tena. Baada ya hapo hakuna nati iliyonitisha.

Ukianza kujenga, anza na breki. Magari haya yana dramu kwenye magurudumu yote manne, na silinda zake ndogo huganda likikaa. Badilisha mpira, badilisha mabomba, jaribu kwenye mteremko mdogo kabla ya mkubwa. Kisha mfumo wa maji: rejeta isafishwe, mabomba yabadilishwe, maana mlima hauna huruma na injini inayochemka. Kisha matairi. Seti ya 7.50-16 yenye meno mazima itakufikisha mbali kuliko mapambo yote yanayouzwa. Mtu akikuambia aanze na winchi, taa nane za juu na bomba refu la kuvutia hewa wakati breki zake zinavuta kushoto, huyo anajenga picha ya kutuma kwenye simu. Mwache apige picha. Winchi itakuja. Ubapa mmoja wa kuongeza kwenye springi utakuja. Hivyo ni vya mwaka wa pili, ukishajua gari lako linakwama wapi, na wewe unakwama wapi.

Usifanye peke yako, hilo pia. Tafuta fundi mzee, mmoja wa wale wanaosikiliza injini huku wamefumba macho, mlipe vizuri, na mwambie wazi kwamba unataka kushika spana na wewe. Wa kwanza nilikosea. Alitaka nimwachie gari nikae nyumbani. Wa pili alinipa ovaroli.

Langu liliwaka baada ya miezi kumi na minne. Vali ndiyo ilikuwa imeungua, silinda moja tu, kama hendeli ilivyosema. Safari ya kwanza haikuwa Natron. Nililipeleka kwa mzee. Alitoka ndani polepole, akalizunguka mara moja bila neno, akapanda upande wa abiria, akaufunga mlango kwa kuunyanyua kidogo kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kwamba mlango ule hufungwa hivyo. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kirungu cha njano.

"Hiki kilikuwa kinagoma."

"Bado kinagoma, mzee."

"Usikilazimishe. Rudisha nyuma kidogo ndiyo ukibonyeze." Akatazama mbele, njia ya shambani. "Twende basi. Zima hiyo redio."

Jumapili watu huwa nyumbani. Hendeli nakuazima.