Acha Mtoto Achafuke

Mama wa Kanamkemer, mama wa Napetet, na wewe uliyeko Kakuma 3 au Kalobeyei, nina neno nawe kuhusu ule uji ulioko kwenye nywele za mtoto. Upo pia shingoni, ndani ya sikio na kwenye leso uliyofua jana, na mwingine umetua mchangani ambako kuku wanaugombania. Umechota kijiko, ameutema. Umechota tena, amekipiga kofi. Jirani amepita, ametazama, amesema, "Huyu hataki chakula, mpe ziwa tu." Umechoka, jua linawaka, makaa yamekwisha, na moyoni unaanza kumwamini.

Usimwamini. Mtoto wako yuko kazini.

Tangu azaliwe, ulimi wake umejua kazi moja tu, kunyonya, na kitu chochote kigumu kikigusa ncha yake unakisukuma nje. Huo ni ulinzi aliozaliwa nao ili asipaliwe. Sasa ana miezi sita, na ulimi uleule unatakiwa ujifunze kurudisha chakula nyuma, kukizungusha, kukipeleka kooni. Ulimi haujifunzi kazi hiyo kwa siku moja. Kwa hiyo anapotema hajakuambia hataki, amefanya anachokijua. Watafiti wa ulishaji wa watoto wamegundua kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane, mara kumi, hata zaidi, kabla hajakikubali. Wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama maana yake ni kuchota tena kesho kile kile alichokitema leo, bila hasira.

Na ziwa? Ziwa liendelee. Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya ya Kenya wanasema jambo moja: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita kamili, kisha chakula pamoja na ziwa mpaka miaka miwili na kuendelea. Akiba ya madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni inakuwa imepungua sana kufikia miezi sita, na maziwa hayana chuma cha kutosha kuijaza. Nguvu nayo: kati ya miezi sita na minane anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku nje ya ziwa, na akipita mwaka mmoja zinafika 550 hivi. Anayekwambia umpe ziwa tu huenda anakupenda sana, lakini hesabu hiyo haimjali.

Najua unachotaka kunijibu. Mambo haya ni rahisi Nairobi, ambako uji ukimwagika mtu anachomoa tishu na kufungua mfereji. Hapa maji yamekuja na mtungi wa lita 20, kichwani au kwa bodaboda. Tarach, mto unaopita Kakuma, siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu. Misimu mitano ya mvua iliyofuatana ilikosekana kati ya 2020 na 2022 na kufagia mifugo, na miaka hii ya karibuni mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma umepunguzwa si mara moja. Mtu anayekuambia "mwache amwage" bila kujua bei ya unga sokoni Lodwar hajui anachosema. Chakula kinachomwagika hapa kinauma.

Ndiyo maana hatumpi bakuli lililojaa. Weka vijiko viwili vya chakula kwenye bakuli lake mwenyewe, kilichobaki kiwe kwenye sufuria iliyofunikwa. Akimaliza au akimwaga, unaongeza viwili vingine. Anachokipoteza ni kijiko, si mlo. Halafu mvue nguo. Joto la Turkana linatuonea katika mambo mengi, lakini katika hili limetupendelea: mtoto wa Ulaya hawezi kulishwa uchi nje ya nyumba mwezi wa Januari, wako anaweza mwaka mzima. Mkalishe kivulini juu ya mkeka wa mkoma uliopanguswa vizuri. Kinachoanguka mkekani atakiokota mwenyewe, na hapo ndipo vidole vinajifunza kazi. Kinachofika mchangani waachie kuku. Mwisho wa shughuli, kikombe kimoja cha maji na pembe ya leso vinatosha kumrudisha kuwa mtu. Hujafua chochote.

Maji ya kunawa ndiyo usiyafanyie ubahili. Mikono yako na yake ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwa maana vidole hivyo vinakwenda mdomoni moja kwa moja kutoka kwenye uwanja anaoutumia pamoja na mbuzi. Kibuyu chirizi, yaani kimtungi cha lita tano kilichotobolewa, kikaning'inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa mguu, kinaosha watu wengi kwa maji machache sana. Kama kwako hakipo, kitengeneze leo. Ni kazi ya msumari, kamba na kijiti.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, maana hapo ndipo vita vinaposhindwa kimyakimya. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama mililita 240 kwa mlo mmoja, kikombe kimoja tu. Ukimpa uji mwepesi unaomiminika kama chai, umejaza kikombe hicho kwa maji. Atashiba, atalala, atanyamaza, na hatanenepa. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko unang'ang'ania, hauanguki upesi. Tunauzimua kwa sababu mzito unamchafua na mwepesi unashuka wenyewe. Yaani tunanunua usafi wa leso kwa uzito wa mtoto. Biashara hiyo ni mbaya, acha kuifanya leo.

Na kama uji mzito unamshinda kumeza, kuna maarifa ambayo wanawake wanaopika busaa wanayo kuliko mtaalamu yeyote wa lishe aliyetumwa na shirika: kimea. Loweka mtama usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue. Anika ukauke kabisa, ufikiche machipukizi yote na kuyatupa, maana machipukizi ya mtama yana sumu, kisha usage. Pika uji wa mtoto mzito kama ulivyo. Ukipoa kidogo, ukiwa bado wa moto, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea na ukoroge. Utauona ukilegea mbele ya macho yako bila tone la maji kuongezwa. Urudishe jikoni uchemke tena, basi. Una uji unaoshuka na wenye nguvu yote ya unga wake. Mtama ule ule wa mgao ambao wengi wanauuza kwa hasara ili wanunue unga wa mahindi!

Uji peke yake, hata ukiwa mzito, haujengi mtu. Shirika la Afya Duniani linagawa vyakula vya mtoto katika makundi manane, ziwa likiwa mojawapo, na linataka apate angalau matano kwa siku. Usiogope idadi hiyo. Ziwa ni moja. Mtama ni la pili. Njegere kavu za mgao au ndengu, zilizolowekwa usiku ili ziive kwa makaa machache, ni la tatu. Maziwa ya mbuzi au ngamia yaliyochemshwa ni la nne. Samaki mkavu kutoka Kalokol ni la tano, na huyo nampenda zaidi: mchemshe, mtoe miiba kwa vidole mmoja mmoja, mkaushe, mtwange awe unga, mweke kwenye mkebe unaofungika. Kijiko kimoja juu ya uji kila siku. Ukiwa na kunde au mchicha kwenye kibustani chako Kalobeyei, chuma majani, yachemshe, yaponde. Mama Mkongomani mwenye sombe, mama Msomali mwenye anjera, mama wa Sudan Kusini mwenye kisra, nyote chakula cha watoto kiko kwenye sufuria zenu tayari: toeni fungu la mtoto kabla chumvi na pilipili hazijaingia, lipondeni. Asali isubiri mpaka atimize mwaka. Chai ya rangi isubiri zaidi. Inamnyang'anya kile chuma kidogo anachokipata, na hakuna heshima yoyote katika kumpa mtoto chai ili aonekane amekunywa kitu.

Kuna njia ya kale ya kumlisha mtoto kwa nguvu: kumlaza mapajani, kukinga kiganja chini ya mdomo na kumwagia uji, huku pua imebanwa ili alazimike kumeza. Ni safi, hakuna tone linaloanguka. Na ni hatari, kwa sababu uji ukikosea njia unaingia mapafuni. Hata usipoingia, unamfundisha mtoto kwamba chakula ni kitu cha kupigana nacho. Mkalishe wima, mtazame usoni, mzungumzishe. Akigeuza kichwa na kufumba mdomo, ameshiba au amechoka. Ngoja, jaribu baadaye. Atakohoa, atatoa macho, atarudisha kipande mbele ya midomo. Anayekohoa kwa sauti anapumua. Wa kumkimbilia ni yule asiyetoa sauti: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja, kisha mgeuze umkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, na urudie huku mtu akikimbilia msaada.

Wenye shaka kwamba mtoto mchafu anajua anachokifanya, niwakumbushe daktari mmoja wa watoto wa Marekani, Clara Davis. Mwaka 1928 alichapisha habari za watoto waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza chakula, aliowawekea vyakula vya kawaida visivyotiwa sukari na kuwaamuru wauguzi wasiwahimize wala kuwachagulia. Watoto wale walitia mikono mizima, walimwaga, walitafuna hata sahani. Baada ya muda walichagua, wakala, wakakua vizuri. Mmoja aliyekuwa na matege alikunywa mafuta ya ini la samaki kwa hiari yake mpaka mifupa ikapona. Lakini sikiliza sharti lake: mezani hapakuwa na biskuti wala soda. Uhuru wa mtoto unafanya kazi pale tu mzazi amechagua vizuri kinachowekwa mbele yake.

Baba, sijakusahau, ingawa wewe ulidhani makala haya ni ya akina mama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukirudi kutoka jukwaa la bodaboda, au mifugo ikishaingia boma, chukua kijiko. Mama amebeba mtoto, maji, kuni na foleni. Wewe beba bakuli la jioni. Mwanamume mwenye uji kwenye ndevu hajapungukiwa na uanaume wowote, na mtoto anayelishwa na watu wawili anakula mara nyingi zaidi kuliko anayemsubiri mmoja apate nafasi. Anahitaji milo miwili mpaka mitatu kwa siku sasa, na akifika miezi tisa iwe mitatu mpaka minne. Nani ataiweza peke yake?

Hata hivyo hamasa haijazi sufuria. Zipo nyumba ambazo leo hakuna hata vile vijiko viwili, na mama wa nyumba hiyo hana kosa. Huyo hatumwambii ajitahidi, tunamwambia aende. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako ana utepe wa kupima mkono. Kijani ni salama, njano ni chini ya sentimita 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5, na nyekundu ni ya siku ile ile: Hospitali ya Rufaa ya Lodwar, hospitali ya Ammusait kule Kakuma au zahanati iliyo karibu. Pakiti ya siagi ya njugu atakayopewa, ile Plumpy'Nut iliyobuniwa na Wafaransa katika miaka ya 1990, ilitengenezwa makusudi iliwe bila kuongezwa maji, ili mama asiye na maji safi asimpe mtoto ugonjwa pamoja na dawa. Ni dawa ya mtoto mmoja. Haigawanywi nyumba nzima, na sokoni haina kazi. Beba kile kijitabu cha mama na mtoto, uulizie matone ya vitamini A, ambayo huanza miezi sita na hurudiwa kila miezi sita. Akiharisha, mpe ORS na zinki, usimkatie chakula wala ziwa; na akipona, muongeze mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili arudishe alichopoteza.

Mwenye mtoto anayetimiza miezi sita wiki hii, usingoje meno. Ufizi unaponda uji, ndizi na samaki aliyesagwa bila shida. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, tandika mkeka, mnawishe mikono, umvue shati, anza na vijiko viwili.