Mali ya Misafara na Sharti la Mtoaji

Yasemwa na wengi ya kuwa sadaka huitakasa mali. Je, hata mali ya misafara? Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alichuma kwa kuwapatia wasafiri wa bara bidhaa na wapagazi. Na waliochunika mabega ni wapagazi, si yeye. Amma mwaka 1892 aliitoa nyumba ya ghorofa kwa serikali ya Wadachi iwe skuli, akashurutisha wapokewe watoto wa kila taifa na kila dini. Sharti hilo ni zito kuliko nyumba yenyewe: atafutaye sifa huwajengea jamaa zake, naye alimfungulia mlango hata mwana wa mpagazi. Baadaye jina lake likapewa wodi ya hospitali ya Muhimbili. Majina ya wapagazi wake hayakuandikwa pale.