Ukimya wa Panya



Baada ya mavuno ya mahindi kijana mmoja wa hapa Bungu, aliyekuwa masomoni, alitusimulia jambo geni. Alisema katika maabara za utafiti zimo seli, yaani chembe hai ndogo mno, zilizotolewa katika ubongo wa panya aliyekufa zamani, nazo hata leo zaishi na kuzaana ndani ya chupa. Mzee mmoja aliyeketi nasi akacheka. "Panya ni panya. Sisi twawatega ghalani kila usiku, na nani ametuuliza?" Tukacheka naye, lakini swali tulirudi nalo nyumbani: kiumbe asiyeweza kuulizwa yatupasa kumtendeaje?

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Kila mshipa wa damu una utando mwembamba kwa ndani, wa seli zilizopangana kama vigae vya paa. Huitwa endothelia. Seli hizi huchagua kipi kitoke katika damu na kipi kibaki, na katika ubongo zimebanana sana ili sumu isipite. Seli ya kawaida ikitolewa mwilini hugawanyika mara kadhaa, kisha huchoka na kufa. Lakini uko ukoo mmoja wa seli, uitwao bEnd.3, uliotokana na ubongo wa panya weupe wa aina ya BALB/c. Wataalamu walizitia seli hizo jeni ya kirusi kiitwacho polyoma, nazo zikaacha kuchoka. Hutunzwa katika joto la nyuzi 37. Zikijaa chupa hugawanywa katika chupa nyingine. Nyingine hugandishwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na huamshwa zikihitajika.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Sisi twajua sababu moja, na yatuuma kuitaja. Tulipokuwa tukifundisha darasa la pili alikuwapo mtoto aliyekaa dawati la mbele. Ijumaa moja tulimwona ana homa, tukamwambia aende nyumbani akalale. Hatukumpeleka zahanati. Jumatatu tukaambiwa amekwisha kuzikwa. Watu walisema ni degedege, na wengine wakamtaja ndege wa usiku. Leo twajua kwamba mara nyingi degedege la namna ile ni malaria iliyoingia ubongoni. Chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata katika endothelia ya mishipa ya ubongo na kuizuia damu isipite.

Jambo hili limechunguzwa karibu nasi. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyotumia damu ya watoto waliolazwa katika Hospitali ya Wilaya ya Korogwe. Mwaka 2013 wataalamu wakaeleza kwamba vimelea vya malaria kali hushika kipokezi kimoja cha endothelia, ambacho kazi yake ya kawaida ni kusaidia damu isigande ovyo. Panya naye ana sehemu yake katika elimu hii. Mwaka 1948, huko Katanga, Vincke na Lips waligundua kimelea cha malaria katika panya wa porini, kikaitwa Plasmodium berghei. Hadi leo hicho hutumika kuchunguza malaria katika panya wa maabara.

Basi sisi hatuwezi kusema utafiti huu ni dhambi. Anayesema hivyo na aje asimame nasi mbele ya dawati lile. Lakini neno la mzee wetu, kwamba panya ni panya, nalo hatulikubali.

Tazameni habari ya Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, zilichukuliwa seli za uvimbe wake wa saratani bila kumwomba ruhusa. Alifariki mwaka uleule, na seli zake zingali zaishi katika maabara duniani kote. Jamaa zake hawakujua mpaka miaka ya 1970. Kosa lake twaliona wazi: aliweza kuulizwa, hakuulizwa.

Panya hawezi kuulizwa. Wengine husema, basi hakuna swali. Sisi twaona kinyume. Mtoto mchanga naye hasemi, wala hakuna mzazi anayeuchukua ukimya wake kuwa ruhusa. Asiyeweza kusema humwongezea mzigo yule aliyemshika, kwa kuwa sasa ni mmoja anayepaswa kuuliza na kujibu.

Na ajiulize nini? Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walitoa maswali matatu mazuri. Je, kazi hii yaweza kufanywa bila mnyama? Kama haiwezekani, je, kwa wanyama wachache zaidi? Na hao wachache, je, maumivu yao yamepunguzwa? Seli za chupani husaidia hapo, maana mengi yaweza kujaribiwa kwazo kabla ya kumgusa panya mwingine hai. Lakini tusidanganyike kwamba chupa ni safi kabisa. Chakula cha seli hizo mara nyingi hutiwa majimaji ya damu ya ndama ambao hawajazaliwa, waliotolewa katika ng'ombe waliochinjwa. Tena seli ya panya si ya mtu, na lililoonekana kwa panya laweza kushindwa kwetu. Kuua kwa jaribio lisilofikiriwa vizuri ni kupoteza uhai bure.

Tulipokuwa shuleni tuliwahi kuwaadhibu wavulana waliomfunga panya kamba mkiani na kumburuta uwanjani. Mmoja akauliza, "Mbona mwalimu huwaua nyumbani kwako?" Siku ile tulimnyamazisha. Leo tungemjibu hivi: panya wa ghalani tulimwua kwa ajili ya chakula cha watoto, na tulijitahidi afe upesi. Ninyi mlimtesa kwa mchezo. Bwana wetu alipowataja shomoro wa bei ndogo, hakusema kwamba wamesahauliwa.

Kijana wetu amekwisha kurudi masomoni. Tulimwomba jambo moja: kila afunguapo chupa ile, ajue anachokitafuta. Naye mzee bado anatega ghalani, nasi pia.