Nani Alitangulia?

Chanjo ya Uviko-19 ilipofika huku kwetu Shinyanga mwaka 2021, swali lilikuwa moja: "Imejaribiwa kwa nani kwanza?" Lilikuwa swali halali. Januari ya mwaka ule Rais Magufuli, akiwa kwao Chato, alitahadharisha Watanzania wasifanywe watu wa majaribio. Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Wapendwa wengi tulibaki katikati.

Mimi nilikuwa na sababu ya kutafuta jibu. Mdogo wangu anachimba dhahabu Geita, na kifua chake kimeshakula vumbi la kutosha. Nikasoma. Chanjo ya Janssen, iliyoletwa nchini kwanza, ilijaribiwa Marekani kwa kima 52. Wengi walichanjwa, wengine wakapewa sindano isiyo na chanjo, kisha wakaambukizwa kwa makusudi, virusi vikiwekwa puani na katika njia ya hewa.

Nilimsimulia baba, mfugaji tangu utoto wake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Na hao kima, nani aliwauliza?"

Ningeweza kumjibu kwa kisa cha Marekani mwaka 1966. Watoto wachanga walichanjwa dhidi ya RSV, kirusi kinachoshambulia mapafu. Walipokuja kuambukizwa kirusi chenyewe, waliochanjwa waliugua vibaya kuliko wenzao, na wawili wakafa. Miaka mingi baadaye, panya waliopewa chanjo ya namna ile walionyesha madhara kama hayo mapafuni. Kama mmoja wa watoto wale angekuwa wangu, ningetaka panya atangulie. Sioni aibu kulisema hilo kanisani.

Lakini halinipi usingizi mzuri. Tumezoea kusema Mungu alitupa kuwatawala wanyama, tukaishia hapo. Mfugaji wa Kishapu anayemtawala ng'ombe ndiye huyo huyo anayehangaika kiangazi kumtafutia maji. Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa namna anavyojali uhai wa mnyama wake, na kitabu cha Yona kinaishia kwa Mungu kuwataja hata wanyama wa Ninawi. Basi kima wa maabara naye anaonekana. Kumtumia ili mtoto asife, nakubali. Kumwachia maumivu yanayoweza kupunguzwa, au kumrudishia jaribio ambalo jibu lake tayari linajulikana, hiyo naiita dhambi, hata kama hakuna sheria iliyovunjwa.

Baba alichanjwa, na mdogo wangu pia. Siku ile tuliporudi, mzee alipitia zizini kwanza, kama kawaida yake, ndipo akaja kuketi.