Kwa Mgeni Burudani, kwa Kijana Wetu Uvivu

Jumamosi iliyopita mwanangu alirudi nyumbani jua likizama, suruali imelowa hadi mapajani, kaa wa mtoni akining'inia kwenye uzi wa gunia. Samaki hakuna. Alikuwa ameshinda mto Kiptariet tangu asubuhi. Kabla sijamuuliza lolote, jirani yetu keshaingia uani.

"Mwalimu, huyu wako siku hizi ni mtu wa ziwa? Wenzake wanachuma chai, yeye anatazama maji!"

Siku hiyo nilicheka. Wiki nzima sasa maneno yale yananikera.

Nilipokuwa mdogo, baba yangu alikuwa akiwabebea mikoba wazungu wa mashamba ya chai, kwenye mto huohuo. Walisimama majini na mabuti marefu ya mpira, wakirusha ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na nzi, wakimngoja trauti. Jioni wengine waliondoka mikono mitupu na nyuso zimechangamka. Sikumsikia mtu akiwaita wavivu. Na huyo trauti, binamu yake samoni, si wa huku kwetu. Ewart Grogan ndiye aliyeagiza mayai yake kutoka Scotland mwaka 1905, yakatiwa mto Gura kule Aberdare. Mayai ya samaki yamevuka bahari ili watu wapate pa kupotezea Jumapili! Sisi tumezaliwa mtoni na tunaona haya kukaa ukingoni.

Najua utaniambia nini. Wao walikuwa na mshahara, na sisi Wakipsigis ni watu wa ng'ombe, samaki tunamwachia Mjaluo pale soko la Sondu. Haya. Lakini maji ya Kipsonoi na Yurith, mito yetu ya huku juu, ndiyo yanayoungana kuwa mto Sondu, na zamani, mvua ziliposhiba, samaki aina ya ningu walitoka ziwani wakaupanda kwenda kutaga, kama samoni wa Kanada, hadi nyavu zilipowamaliza. Mto hauulizi kabila la mtu.

Tena kutazama maji ni kazi. Usubi walioeneza upofu Nyanza waliwasumbua sana wataalamu, maana mabuu yao hayakuonekana kwenye mawe wala majani ya mtoni. Mwaka 1950 ndipo wakatangaza walipoyakuta: yamejishika kwenye miili ya kaa. Kuna mtu aliyeinama akamwangalia kaa kwa makini, na bila shaka kuna jirani aliyemshangaa.

Jioni ile mwanangu alimpindua kaa wake chini ya taa. "Baba, ona." Chini ya kile kifuniko cha tumbo walijibana kaa wachanga, wadogo kama punje za wimbi, weupe, miguu ikichezacheza. Nina miaka hamsini na miwili, nimevuka mto huo maelfu ya mara, na sikuwa najua kwamba kaa hubeba watoto wake hivyo. Hata jirani aliinama, akasahau alichojia.

Kijana alikata uzi, akamtia kaa ndani ya sufuria ya maji, akaondoka naye gizani kumrudisha. Nilimmulikia tochi njia nzima.

Jumamosi ijayo tunakwenda wawili. Chai yangu itachumwa Jumatatu, na jirani nimemwambia hivyo mapema, asije akachoka kuchungulia ua.