Mlango wa Pili



Wajukuu wetu wanapokuja likizo, televisheni haizimwi. Likizo iliyopita walituketisha tutazame tamthilia moja ya Marekani iitwayo Life, iliyoonyeshwa huko tangu mwaka 2007 hadi 2009. Ni habari za polisi mmoja aliyekaa gerezani miaka 12 kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Uchunguzi wa vinasaba unamtoa. Analipwa fidia nono, anarudishiwa kazi yake ya upelelezi, kisha anaanza kuwasaka waliomchongea. Wajukuu walifurahi sana. Sisi tulibaki na swali, na tumeona vema tuwaletee: mtu wa kwetu akitoka gerezani, hana fidia wala bastola kiunoni, anarudi kwa nani?

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 12. Herode amemtia Petro gerezani, amefungwa minyororo miwili katikati ya askari, na kanisa linamwombea bila kuchoka. Usiku malaika anamtoa. Wanafika kwenye lango la chuma, nalo linafunguka lenyewe. Petro anashika njia hadi nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana Marko, ambako waumini wengi wamekusanyika wakiomba. Anabisha hodi. Msichana Roda anaitambua sauti, lakini kwa furaha anasahau kufungua, anakimbilia ndani kuwaambia wenzake. Nao waliokuwa wakiomba wanamwona kama aliyerukwa na akili. Wakati wanabishana, Petro yuko nje gizani, bado anagonga.

Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Lango la Herode lilifunguka mara moja. Mlango uliokawia ni ule wa Wakristo.

Msidhani hayo ni ya zamani tu. Meli za mizigo zinazotoka bandari yetu ya Mwanza kwenda Uganda hutia nanga Port Bell, karibu na gereza la Luzira. Ni ziwa hili hili tunalooga na kuvua. Katika gereza hilo aliingizwa Edmary Mpagi, mtu wa upande wa Masaka. Mwaka 1982 yeye na ndugu yake walihukumiwa kunyongwa kwa kumwua mtu. Lakini mtu huyo hakuwa amekufa. Alikuwa hai, na wazee wa kwao walihangaika kuwaeleza wakubwa hivyo. Ndugu yake Mpagi alifia gerezani. Yeye mwenyewe alikaa miaka 18, akisikiliza kila siku kama zamu yake imefika. Aprili 1999 watu 28 walinyongwa Luzira, naye yumo humo humo. Julai 2000 akaachiwa.

Na aliachiwa kwa njia gani? Kwa msamaha wa Rais. Lipimeni neno hilo. Alisamehewa kwa kumwua mtu aliyekuwa akipumua. Tunashukuru kwamba alitoka, wala hatuidharau huruma iliyomtoa. Lakini msamaha hausemi, "Huyu hakutenda." Karatasi ya msamaha inaweza kumfungulia mtu lango la chuma, lakini haiwezi kumrudishia jina lake. Jina lake liko midomoni mwa majirani, na ni wao watakaomrudishia au watakaomnyima. Mpagi alipotoka aliwatembelea waliobaki kifungoni, akasimama mbele ya watu, hata nchi za mbali, kuwasemea. Ni neema kubwa. Lakini si kila atokaye ana nguvu za kusimama mbele ya watu. Wengine hutoka wakaketi benchi la nyuma, wakingoja kuona kama tutawageukia.

Hapa kwetu tuna mithali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Tumeifundisha darasani zaidi ya miaka thelathini, na watoto wakaikariri. Leo tunaungama kwamba hatukuwaonya watoto wale juu ya makali yake. Mithali hiyo ikitumiwa juu ya mtu anayedaiwa kuua, inageuka shahidi wa uongo. Kumbukumbu la Torati 19 inataka mashahidi wawili au watatu, na inamwekea shahidi wa uongo adhabu ile ile aliyomkusudia mwenzake. Uvumi hauna hata shahidi mmoja. Hauli kiapo wala hauulizwi maswali, na hukumu yake haina rufaa.

Wazee wa mkoa huu wanakumbuka. Mwaka 1976, hapa Mwanza na jirani zetu wa Shinyanga, watu wengi walikamatwa kwa kushukiwa mauaji yaliyohusishwa na ushirikina. Baadhi yao waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine wakafa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakuwa amempiga mtu yeyote kwa mkono wake, lakini alikubali kubeba dhamana ya yaliyotendeka chini yake. Waziri aliweza kusema, "Jambo hili linanihusu." Sisi tuliowataja majirani zetu kwa vidole, au tuliokaa kimya wengine walipowataja, ni nani kati yetu aliyesema hivyo?

Tuanze na sisi wenyewe. Katika mtaa tunaokaa yuko mwanamume mmoja, hapo zamani mvuvi wa dagaa. Alikaa mahabusu miaka sita kwa kesi ya mauaji, kila tarehe ikitajwa tu kwamba upelelezi haujakamilika. Hatimaye aliachiwa huru. Aliporudi mwaloni, nyavu zilikwisha kuoza na mtumbwi una mwenyewe mwingine. Akaja kanisani, akakaa karibu na mlango. Wakati wa kupeana amani tulimpa mkono, tena kwa tabasamu. Kisha baraza lilipotafuta mlinzi wa kanisa, mtu mmoja alitaja jina lake. Kimya kikaingia. Mzee mmoja akanong'ona ile mithali yetu. Sisi mwalimu, tuliokuwa tumeketi ubavuni pake, tulitazama chini. Kazi akapewa mwingine. Baada ya Jumapili mbili tatu, yule ndugu hakuonekana tena.

Ilituchukua miezi kwenda kwake. Alitupa kigoda, yeye akakaa juu ya ndoo aliyoifudikiza. Hakutulaumu. Alisema tu: "Mwalimu, kule ndani nilikuwa nikijua kwamba kila Jumapili mnawaombea wafungwa. Nilidhani mnaniombea mimi."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemwombea kweli. Kama wale wa nyumbani kwa Mariamu, tuliomba atoke, naye alipogonga hatukufungua.

Basi, wapendwa, tufanyeje? Kwanza, tuzuie ndimi zetu. Tukisikia fulani ameua au amemroga mwenzake, tumwulize msemaji: wewe uliona? Kama hakuona, habari iishie hapo hapo. Kanda hii imewazika vikongwe wengi mno kwa maneno ya namna hiyo. Pili, aliyeachiwa tumpe zaidi ya mkono wa amani. Tumpe kazi na mahali mezani petu, na mwanawe akitaka kuoa, tusimame naye. Tatu, twende Butimba. Sisi tuliosoma chuo cha ualimu pale Butimba tulikuwa majirani wa gereza, wala hatukuwahi kumtembelea mtu humo. Waebrania 13 inatutaka tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba minyororo iko mikononi mwetu. Sabuni na saa moja ya kuketi na mtu si mzigo kwa parishi.

Kuhusu yule ndugu, tumekwenda tena mara mbili. Bado hajarudi kanisani, nasi hatumsukumi. Kikao kijacho cha baraza tutalitaja jina lake kwa sauti, na safari hii hatutatazama chini. Tunawaomba mlio wajumbe mtusaidie.

Ee Bwana Yesu, uliyehukumiwa bila hatia kwa ushahidi wa uongo, utusamehe kwa kila mlango tulioufunga. Utupe masikio ya kumsikia abishaye, na mikono myepesi kuondoa komeo. Amina.